Paji Lililonyolewa Siku za Msiba

Sogeeni. Mwenye kuchambua mchele na achambue, mwenye mtoto wa kunyonyesha na anyonyeshe, ila masikio nipeni mimi. Hadithi ya leo ina mwanzo na ina katikati, lakini mwisho sina. Mwisho mtautoa ninyi, na nawaonya mapema kwamba hamtakubaliana. Mara ya mwisho nilipoisimulia, mume na mke walioingia wakiwa wameshikana mikono waliondoka kila mmoja na upande wake wa barabara.

Twende Uchina, zamani, wakati nchi ile ikitawaliwa na Wamanchu. Hawa walishuka kutoka kaskazini, kwenye misitu na baridi kali, juu ya farasi, pinde mgongoni, wakaiteka nchi kubwa kuliko walivyowahi kuota. Ukitaka kumjua mwanamume wa Kimanchu, ulimtazama kichwani. Mbele alinyoa mpaka karibu na utosi, pakang'aa. Nyuma aliacha nywele, akazisuka msuko mmoja mrefu ulioning'inia mgongoni. Na ukitaka kumjua aliye wa ukoo wa kifalme, ulimtazama kiunoni. Huyo alifunga mkanda wa manjano, na mtu mwingine yeyote asingethubutu kuufunga.

Katika mji wao mkuu aliishi mwanamfalme mmoja aliyeitwa Dulai. Kaka yake alikuwa mfalme, akafa, na sasa aliyekaa kitini ni mtoto wa huyo kaka. Kwa hiyo Mfalme mwenyewe, aliyetetemekewa na nchi nzima, alimwita Dulai "Baba Mdogo". Ujanani mwake Dulai alikuwa na sifa. Aliweza kupiga mshale akiwa juu ya farasi aliye mbioni na mshale ukafika alikoutuma. Mke wake mkubwa, Nara, alifariki miaka mingi kabla ya hadithi hii, na watu wa nyumbani walisema kwamba baada ya kumzika, Dulai hakurudi mzima kutoka makaburini.

Mwanzoni alisahau majina ya farasi wake. Kwa Mmanchu hiyo ni dalili mbaya kuliko homa. Kisha akasahau majirani. Halafu asubuhi moja akamgeukia binti yake wa kumzaa, akamwuliza kwa adabu zote, "Mwanangu, wewe ni mtoto wa nani?" Binti alikwenda kulia nyuma ya zizi, akanawa uso, akarudi kumpa uji.

Nyumba ile ikaficha. Msiwacheke. Ni nani hapa ambaye kwao hakujawahi kufichwa ugonjwa?

Waliomzunguka mzee walikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Nachin, mtoto wa kiume, mrithi. Kipaji chake kilikuwa kutosita. Pale ambapo wengine bado wanaulizana tufanyeje, yeye alikuwa ameshafanya. Alipokuwa mdogo mbwa wao alitumbukia kwenye bwawa lililoganda barafu; watu wazima wakakimbilia kamba na ngazi, na waliporudi walimkuta Nachin ameshatoka majini, midomo ya bluu, mbwa kamkumbatia. Wamanchu humpenda mbwa, kumla ni mwiko kwao. Basi siku hiyo alisifiwa, kisha akachapwa.

Wa pili ni Ilha, yule binti, aliyekuwa ameshaposwa. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Sisemi maneno mengi. Maneno mengi tunayo sote. Ilha aliweza kusema ukweli mchungu na mtu akausikiliza mpaka mwisho. Angemwambia mpishi kwamba mchuzi wake haunyweki, na mpishi angeondoka akishukuru.

Wa tatu ni Suyin, mke mdogo wa Dulai. Huyu hakuwa Mmanchu. Aliletwa na kaka yake katika nyumba ile kuwa mtumishi, mwishowe akaolewa na mzee, na hakujaliwa mtoto. Kipaji chake kilikuwa subira ya namna ya peke yake. Mzee akisema nje kuna theluji, katikati ya joto la kutokota, watoto wake walimsahihisha: "Baba, hiki ni kiangazi." Suyin hakusahihisha. Alikwenda sandukuni akamletea glavu, mzee akazivaa, akatulia.

Sasa msiba. Mama yake Mfalme, shemeji wa Dulai, alifariki, na nchi nzima ikavaa nyeupe. Ngoma zilinyamaza, harusi ziliahirishwa, kofia zikang'olewa mashada yake mekundu. Na kwa Wamanchu kulikuwa na sheria nzito kuliko zote: akifa mtu mkubwa namna hiyo, siku mia hakuna mwanamume wa kunyoa. Nywele ziote mpaka kila paji lifanane na shamba lililotelekezwa. Kunyoa ni kusema hadharani kwamba marehemu hakukuuma. Mtu wa kawaida aliyenyoa alikatwa kichwa. Mwanamfalme alivuliwa mkanda wa manjano, akafungiwa katika nyumba yenye kuta ndefu ambamo ukoo ulikuwa ukiwatupa watu wake wenyewe. Fikirini mzee asiyejua aliko, peke yake mle ndani, kila anayemletea chakula ni mgeni. Angekufa kabla ya baridi kuja.

Kwa hiyo nyembe zote za nyumba ya Dulai zilifungwa kwenye kitambaa zikawekwa kabatini. Mmoja tu ndio uliotoka. Mzee alikuwa anachechemea kila anaporudi kutoka kupiga magoti kwenye jeneza, kumbe ana sugu chini ya dole gumba. Suyin akauchukua wembe kuikwangua ile sugu, asubuhi, mzee amekaa kwenye stuli, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Akanusa uji unaungua jikoni. Akauweka wembe ukingoni mwa stuli, akainuka.

Aliporudi, kazi ilikuwa imekwisha. Mzee ameinamia beseni, amejitazama majini, paji lake lote jeupe linang'aa, amejikata mahali pawili na damu inatelemka kwenye nyusi. Na anatabasamu kama bwana harusi.

"Leo namfuata Nara," alimwambia Suyin. "Farasi wangu ameshatandikwa?"

 Suyin akakimbilia kofia. Lakini maafisa wa Baraza la Ukoo, wazee wanaouhukumu ukoo wa kifalme, walipita kila asubuhi kuwasindikiza wanawafalme kwenye jeneza, na walikuwa wameshafika langoni, na Dulai alisikia kwato. Kwato! Kwake ni farasi wa harusi hao. Akatoka uani kwa miguu mitupu, kichwa wazi, wembe bado mkononi, akawasalimia wote kwa furaha.

Aliyewaongoza maafisa alikuwa mzee mmoja aitwaye Cholgo, mtu aliyeshika sheria kwa mikono miwili.  Akasema, "Mwanamfalme, ni nani amekunyoa?"

Dulai akavuta pumzi ajibu, na angejibu kwa majivuno, maana alikuwa amejinyoa vizuri kwa mzee wa umri wake. Hapo ndipo Nachin alipofika.

Nachin hakuuliza kitu. Aliona paji, aliona maafisa, akauchukua wembe mkononi mwa baba yake.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe?"

"Nimemnyoa mimi. Alikataa, nikamshika kwa nguvu. Huoni alivyokatwa? Alikuwa anapambana."

Cholgo alimtazama kijana, akamtazama mzee, na macho yake hayakuamini. Nachin akaliona hilo. Akaivua kofia yake, akaweka wembe juu ya paji lake mwenyewe, akauvuta kwa nyuma, mara moja, na tena, nywele zikadondoka juu ya nguo nyeupe ya msiba. Wanawake waliokuwa uani walipiga yowe.

"Haya," alisema Nachin. "Sasa mna kichwa cha kuwajibishwa."

Nini kingefanyika? Mbele ya Baraza amesimama mkosaji anayekiri kwa mdomo na kwa kichwa. Wakamfunga kamba. Dulai akaachwa nyumbani chini ya ulinzi mpaka Baraza likae. Na Nachin alijua anachokitupa. Alikuwa mrithi, mkanda wa manjano ulikuwa kiunoni mwake tangu utotoni, na adhabu yake sasa, kwa kuwa bado alikuwa na nguvu za kazi, ilikuwa kufutwa katika ukoo na kupelekwa mpakani, kwenye barafu, kuwachotea maji farasi wa askari maisha yake yote. Alipokuwa anatolewa langoni, baba yake alimwinamia Suyin akanong'ona kwa huruma, "Maskini kijana yule. Ni mtoto wa nani? Amefanya nini?"

Nachin alisikia. Aliendelea kutembea.

Ilha hakushangilia alichofanya kaka yake. Alimpenda, akamwona mjinga. Alijua uongo ule hautafika mbali. Cholgo angewaweka watumishi mmoja mmoja, angewatisha, na mmoja angesema. Hapo baba angekwenda kwenye kuta ndefu na kaka angekwenda mpakani, na nyumba ingebaki na vumbi. Aliona mtu mmoja tu juu ya Baraza, naye ni Mfalme. Ila siku za msiba Mfalme haonani na mtu kwa shida za nyumbani, na mwanamke ndiyo kabisa.

Kulikuwa na mwanya mdogo. Kila siku wanawake wa ukoo walikusanyika kwenye ua wa nyuma wa jumba la jeneza, wakalia kwa pamoja. Mfalme alipita ua ule akienda kumfukizia mama yake udi, na desturi ilikuwa akipita, wote wainamishe nyuso, asiwepo wa kutikisika. Ilha alikwenda akapiga magoti mstari wa mwisho. Viatu vya wanawake wa Kimanchu vilikuwa na kisigino kirefu cha mti, kimewekwa katikati ya wayo, na ukivivaa unatembea kwa madaha kwa sababu ukikimbia utavunja shingo. Ilha akavivua akiwa amepiga magoti, akaviacha pale.

Mfalme alipotokea, akakimbia. Alikatiza ua mzima kwa soksi, mbele ya shangazi zake wote, akaanguka miguuni pake walinzi wakiwa wameshamshika mabega.

Mngeanza na nini ninyi? Msamaha? Machozi? Ilha alianza hivi: "Mtukufu, kaka yangu ni mwongo."

Mfalme akainua mkono, walinzi wakaacha kumvuta.

"Hakumnyoa baba. Baba amejinyoa mwenyewe, na hakujua anachofanya. Akili yake imekwenda, imekwenda siku nyingi, na sisi wanawe tukaficha kwa kuona haya. Mimi ananiuliza ni mtoto wa nani. Kaka amejitwisha kosa kwa sababu anampenda, lakini mimi sitaki nchi imhukumu mtu mwema kwa uongo wake wala mgonjwa kwa ugonjwa wake. Ukinikata ulimi nitakuwa nimeshasema."

Mfalme alikuwa na uso wa mtu asiyelala. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimeota hovyo, maana sheria ilikuwa yake pia. "Mdogo wangu," alimwambia, "tangu mama afariki, kila aliyekosa ni mgonjwa wa akili. Mleteni Baba Mdogo mbele yangu. Nitamsikia mwenyewe. Akiwa anaigiza, nyumba yenu nzima itakwenda naye."

Kwa hiyo ulimi wa Ilha ulikuwa umefungua mlango ambao haufunguliwi. Pia ulikuwa umempeleka baba yake ndani ya mlango huo, na ulikuwa umeongeza kosa jingine juu ya kichwa cha kaka yake, kosa la kulidanganya Baraza. Alirudi kuvitafuta viatu vyake.

Dulai alipelekwa barazani siku hiyohiyo. Hakukubali kutembea ila ameshikwa mkono na Suyin, basi Suyin naye akaingia, mwanamke asiye na ukoo, mahali ambapo hata shangazi za Mfalme hawakuwahi kukanyaga. Wazee wa ukoo walikuwa wamejipanga pande mbili. Nachin alikuwa amepiga magoti kando, amefungwa kamba, nusu ya kichwa chake imenyolewa na nusu haijanyolewa, kituko kitupu. Ilha alikuwa nyuma yake.

Aingiaye pale husujudu, hugonga paji sakafuni. Dulai hakusujudu. Alisimama wima akalitazama jumba, akapendezwa nalo. Kisha akamtazama aliyekaa juu, akakunja uso kama mkubwa anayemkuta mtoto jikoni.

"Wewe kijana," alisema, "unafanya nini kwenye kiti cha baba yako? Hebu shuka kabla hajarudi."

 Kumwambia mfalme ashuke kitini! Watu wamekufa na vizazi vyao kwa maneno madogo kuliko hayo. Cholgo alifumba macho. Nachin alijaribu kuinuka, kamba ikamrudisha chini. Safari hii hapakuwa na wembe wa kunyakua. Ilha alifungua mdomo na ulimi wake haukuleta neno. Ukweli aliokuwa ameusema ulikuwa umesimama pale katikati ya jumba na ulikuwa unamwua baba yake. Mlinzi mmoja alikuwa ameshapiga hatua.

Suyin akajiachia chini kwenye magoti mbele ya Dulai, si mbele ya Mfalme, akainamisha kichwa kama kijakazi aliyetumwa kutoka vyumba vya ndani.

"Bwana," alisema kwa sauti ya kila siku, sauti ya kuuliza kama maji yamepoa, "shemeji yako ananituma. Anauliza kama umejiandaa."

Uso wa mzee ukabadilika pale pale. Akasahau kiti, akasahau kijana. "Mwambie shemeji nimejiandaa," alisema. "Aliniagiza nisimwendee Nara na nywele za msituni, nikamtia aibu yeye aliyeniombea mke. Mwambie nimenyoa. Mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Nitamwambia, Bwana. Amekaa wapi nimpelekee?"

"Yuko chumba kile cha pili. Amekaa na uzi." Mzee akacheka kidogo, akapunguza sauti, akamnyoshea kidole Mfalme. "Anashona tena manyoya ya mshale wa huyu mtoto. Ameuvunja, halafu ameogopa kumwambia baba yake. Shemeji ameniapisha nisiseme. Basi na wewe usiseme."

Mfalme aliyekuwa juu ya kiti alishika mikono miwili ya kiti.

Msinilaumu nikitua hapa kidogo. Mshale ule ulikuwa wa kuchezea. Ulivunjika Mfalme akiwa na umri wa kukojoa kitandani, na mama yake aliushona kwa siri, na walioijua habari hiyo ni watatu. Mmoja alikuwa ndani ya jeneza ng'ambo ya ua. Mwingine alikuwa amejifunika uso kwa mkono wa joho la kifalme, analia, na wazee wote wametazama chini ili wasiwe wamemwona.

Alipoweza kusema, alisema hivi: "Kwa nchi nzima mama yangu amekufa. Kwa Baba Mdogo bado yuko chumba cha pili, ana sindano mkononi. Nitamwadhibu vipi mtu kwa msiba ambao haujamfikia? Laiti usingenifikia mimi. Mwacheni na mkanda wake, afe nao."

Hapo wengine wangefunga hadithi, tukale. Lakini mimi ndiyo kwanza ninaanza kuwasumbua.

Cholgo alijitokeza, akasujudu, akasema kilichotakiwa kusemwa. Mzee amesamehewa, sawa. Ila mwanamfalme asiyeweza kutumika hawezi kubaki na cheo, na zipo sheria nyingine zinazosubiri. Nachin amenyoa akiwa na akili timamu na amelidanganya Baraza: kwake ni mpakani. Ilha ameshaposwa kwa amri ya ikulu, atakwenda kwa bwana mmoja wa Wamongolia mbali sana nyikani, na huko binti wa ukoo akishakwenda harudi kwao bila kibali. Msiba ukiisha, msafara unaondoka. Na Suyin ni mke mdogo asiye na mtoto. Cheo cha mume kikiondoka, hana mahali katika nyumba ile, anarudishwa kwa kaka yake, na kaka yake alishawahi kumtoa mara moja na hatashindwa mara ya pili.

Mfalme alisikiliza yote. Alisema, "Nimeshasamehe kosa la kifo ndani ya msiba wa mama yangu. Nikifuta na haya yote, mtasema nimeizika sheria pamoja naye. Nitafuta moja. Moja tu. Aliyemwokoa Baba Mdogo, huyo apewe. Nachin akipewa, atabaki na mkanda wake na atarithi. Ilha akipewa, posa imevunjika, atabaki mjini. Suyin akipewa, atapewa nyumba ndogo na jina la mke halali, hakuna wa kumtoa humo."

Akawageukia wao wenyewe kwanza.

Nachin alisema haraka, kama kawaida yake, "Mpe Ilha."

Ilha alitaka kusema mpe kaka. Alikuwa nalo mdomoni. Lakini yeye ni mtu wa kusema ukweli, na ukweli ni kwamba aliogopa ile nyika kuliko kifo, na alitaka kubaki amnyweshe baba yake uji. Alishindwa kulisema neno, na akalia kwa aibu.

Suyin alisema waziwazi, "Nipe mimi, Mtukufu. Hawa wana ukoo hata wakienda mbali. Mimi ninaye yeye tu." Wazee wakaguna. Mimi sikuguna, na nawaomba na ninyi msiharakishe.

Haya, pimeni. Bila Nachin, mzee angechukuliwa langoni asubuhi ile, na Ilha angefungua mlango wa ikulu kwa ajili ya maiti. Bila Ilha, uongo wa Nachin ungefumuka baada ya siku chache na wangezama wote wawili. Bila Suyin, neno moja la mzee lingewamaliza, mwongo na msema kweli na mgonjwa.

Msiniambie pia kwamba mmoja wao ni safi. Nachin alidanganya. Ilha alimwingiza baba yake kwenye mdomo wa simba kwa kutegemea bahati. Na Suyin, huyo mnayempenda, wembe ni yeye aliyeutoa kabatini na ni yeye aliyeuacha kwenye stuli. Uji uliungua, ndiyo. Lakini wembe alikuwa anautumia kuondoa maumivu ya mguu ambao watoto wa mzee hawakuwa wameuona kwamba unauma. Nalo mlitie kwenye mizani, sijui upande gani.

Namwona mjanja mmoja pale nyuma. Anataka kusema: apewe Nachin, maana akirithi nyumba atawaweka wote. Kaa chini, bwana. Mrithi hana nguvu juu ya posa ya ikulu, na kwao mtoto wa mke mkubwa akishaishika nyumba, hakai humo na mke mdogo wa baba yake; wangemsema mpaka afe. Na wewe mama unayesema mzee anamhitaji Suyin kuliko wote, huenda ni kweli, ila Mfalme hakuuliza mzee anamhitaji nani. Aliuliza ni nani aliyemwokoa. Au labda ni swali moja. Mimi nimelizungusha kichwani miaka na sijapata jibu la kunilaza usingizi.

Mfalme naye hakupata. Kwa hiyo alishuka, ndiyo, alishuka kwenye kiti chake, akamkaribia Dulai akamshika mikono yote miwili.

"Baba Mdogo," alisema, "watazame hawa watatu. Mmoja wao amekuokoa leo. Niambie ni yupi, na utakayemtaja ndiye."

Mzee aliwatazama. Alimtazama kijana mwenye nusu ya kichwa, akaona kamba mikononi mwake, akasikitika. Alimtazama binti anayelia. Alimtazama mwanamke aliyepiga magoti mbele yake, na huyo alimtazama kwa muda mrefu zaidi, lakini labda ni kwa sababu alikuwa karibu. Kisha akamwinamia Mfalme sikioni, kama mwenye nyumba aliyeshtuka kwamba adabu imesahaulika.

"Hawa wageni," aliuliza, "wamekula?"

Mfalme alichomoa kijiti kimoja cha udi, akakiwasha, akakisimamisha kwenye majivu mbele ya wazee. "Kikiisha," alisema, "nataka jina."  Nachin amefumba macho. Ilha amemshika mkono Suyin, au Suyin ndiye aliyemshika Ilha, haijulikani. Mzee anangoja farasi wake.

Moshi unapanda, udi umebaki kipande kifupi kuliko kidole, na wazee hawana neno. Basi Mfalme amekugeukia wewe uliyekuwa ukisikiliza kimya tangu mwanzo. Wawili watakwenda, mmoja atabaki. Mtaje.